Maziwa Yako, Ndama si Wako

Ibadakuli, Shinyanga
8 Machi 1999

Kausar,

Salamu nitakuandikia siku nyingine. Leo sina.

Jumamosi iliyopita nilikuwa Chato kwenye ubatizo wa mtoto wa kaka yangu Marselino. Kichwa kikaniuma, nikaingia duka la dawa lililo karibu na stendi kununua vidonge. Muuzaji ana kompyuta juu ya kaunta. Akabonyeza, kioo kikawaka, nikaona programu yangu. Manjano kwa dawa inayokaribia kuisha muda, nyekundu kwa iliyokwisha. Maneno yaleyale niliyoyatunga nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi la baba yako, nikiwa nimekalia ndoo ya rangi kwa sababu kiti kilikuwa kimoja na ulikikalia wewe. Chini kabisa, mahali nilipoandika "Imetungwa na Zipora Maige kwa ajili ya zahanati", sasa pameandikwa "Imetungwa na Kausar, Geita".

Nilijipa moyo kwamba labda umetunga ya kwako ikafanana na yangu. Watu hufanana, sembuse programu. Nikamwomba yule muuzaji aandike tarehe thelathini Februari. Ikakubali bila kusita. Hilo ni kosa langu, Kausar. Wakati wa kutunga nilisahau kuipunguzia Februari siku zake, na nilipogundua niliirekebisha ile ya zahanati peke yake. Hata kosa langu umeliiba, na hukujua kama ni kosa.

Nakukumbusha programu ile ilikotoka, maana naona ndoa imekusahaulisha. Mtoto wa dada yangu Nyamizi alikufa kwa homa huku ananyweshwa dawa iliyokwisha muda tangu mwaka uliotangulia. Hakuna aliyefanya makusudi. Pale zahanati ya kwetu, nje ya Ushirombo, makasha yalikuwa yamerundikana, mhudumu anachukua lililo juu. Masista walipopewa kompyuta kuukuu na wageni wao, nikasema nitawatungia kitu kitakachowaonya kabla dawa haijaharibika. Shangazi yako Rubab akatuletea kutoka Nairobi lile gazeti lenye sidii. Ndani ya sidii mlikuwa na vyombo vya kutungia programu, vilevile wanavyotumia mafundi wa Ulaya, ila hilo lilikuwa "toleo la jumuiya". Bure kwa anayejifunza na kwa kazi za kusaidiana, marufuku kwa biashara. Mfanyabiashara anunue toleo la kitaalamu. Masharti hayo yalitokea kwenye kioo kabla ya kitu kingine, na chini yake kitufe cha kukubali. Wewe ulitaka kubonyeza bila kusoma. Nikakushika mkono, tukasoma mpaka mwisho, na aliyebonyeza ni mimi.

Nilipomsimulia baba alielewa mara moja. Kwetu Usukumani mwenye mifugo mingi humpelekea mwenzake ng'ombe amfugie. Maziwa utakunywa, samadi utatia shambani, lakini ng'ombe ni wake na ndama ni wake. Huuzi, huchinji, na akizaa unapeleka habari. "Ng'wana wane, mwanangu," aliniambia, "umepewa ng'ombe na mtu usiyemjua uso. Huyo ndiye wa kumheshimu zaidi, kwa sababu hawezi kuja kukuchungulia." Nikampa neno langu. Sasa ndama yuko Chato kwenye duka la biashara, amepigwa chapa ya mtu mwingine.

Nijibu haya. Nani mwingine anayo? Na nani alikuruhusu kufuta jina langu?

Zipora


Geita
19 Machi 1999

Zipora,

Mimi salamu ninazo. Mama Nyamizi mpe shikamoo yangu, baba yako vilevile, na wewe hujambo. Nimelelewa, hata kama unaniandikia kama karani wa mahakama.

Programu yako, unasema. Haya. Kompyuta ilikuwa ya nani? Umeme ulikuwa wa nani? Rubab ni shangazi wa nani? Na ni nani alikuwa akimdanganya baba yangu kwamba tunapiga hesabu za misumari, ili wewe uendelee kukaa kule nyuma na mambo yako? Kidole chako kimoja kilichobonyeza kitufe leo kimekuwa kizito kuliko mikono yangu yote miwili.

Sasa nakujibu. Yule wa Chato ni binamu wa mume wangu. Alikuja hapa, akaipenda, akaichukua kwenye disketi kabla sijajua. Na hapa Geita ipo, kwenye duka la dawa la baba mkwe. Sikumuuzia mtu. Sijapata hata kitenge.

Jina nililifuta mimi. Nilipoletwa kwenye nyumba hii nilikuta kompyuta imefunikwa kitambaa cha kufuma, juu yake maua ya plastiki. Kazi yangu ilikuwa kukanda unga wa chapati tangu asubuhi. Mama mkwe si mtu mbaya, lakini kwake mke wa mtoto ni mikono. Siku moja baba mkwe alitupa katoni nzima ya dawa zilizokwisha muda, akakaa kama aliyefiwa. Disketi yenye nakala ya programu nilikuwa nimekuja nayo kutoka kwa baba. Nikasema mimi naweza kukutengenezea kitu cha kukuonya. Nilisema "mimi". Neno lilishatoka, na mume wangu Hozefa akanitazama kama hajawahi kuniona. Kesho yake nikapewa kiti dukani. Sasa wanunuzi wa dhahabu wakiingia kutafuta dawa zao za mgongo wananiita fundi. Ulitaka niwaambie nini? Kwamba fundi mwenyewe yuko Ibadakuli anatafuna michembe, viazi vyenu vya kukausha?

Na huyo mwenye ng'ombe wako hajui kama Geita ipo duniani. Hapa watu wanachimba dhahabu mpaka chini ya vitanda vyao, hakuna anayewauliza walikubali masharti gani. Wewe unataka nikose usingizi kwa ajili ya kitufe.

Usimwambie mtu. Hapo nakuomba kama ndugu yako. Msamaha sikuombi.

Kausar


Ibadakuli
6 Aprili 1999

Kausar,

Mama amesema marahaba. Hajui ulichofanya, ndiyo maana ameitikia kwa furaha.

Unasema hukuuza, kana kwamba mwizi ni yule tu anayefika mnadani. Ulitaka kiti, ungejifunza. Nilikubembeleza nikufundishe, ukasema una hina mikononi. Nilikubembeleza tena, ukasema namba zinakutia usingizi. Nguo ya kuazima haisitiri maungo, Kausar. Siku wakikuambia uongeze kitu kidogo kwenye programu hiyo, utawaambia nini? Watakuita fundi wa nini?

Kukushitaki siwezi. Nilichoweza ni kusafisha upande wangu. Nilikwenda nyumbani Ushirombo kwa ajili ya palizi, na baba akaniuliza habari za ndama wa zahanati. Nikasema hajambo, anafanya kazi. Akauliza, "Na mwenyewe ulimpelekea habari?" Nikasema hapana. Hajawahi kunikasirikia vile tangu niwe mtu mzima. Alisema mfugaji anayenyamaza ndama akizaliwa amekwisha kumla. Alisema hakulea mla mali za watu. Chakula hakukimaliza.

Basi nimeandika kwa wenye kampuni, kwa anwani iliyo kwenye kasha la sidii. Nimeandika Kiingereza, lakini hapa nakuwekea kwa Kiswahili ili usiseme nimefanya kwa siri:

"Kwa mwenye programu. Habari za huko na za familia. Huku mvua zimekuwa za wastani na tunamshukuru Mungu. Nakuletea habari njema ya toleo la jumuiya ulilotupa bure. Tumelitunza kama mtu atunzavyo ng'ombe wa mwenzake. Limezaa mmoja, naye yuko kwenye zahanati ya masista kijijini kwetu, anaangalia dawa zisiharibike. Hajauzwa na hatauzwa. Zahanati inahudumia watu wote. Mgonjwa huchangia kidogo, na asiye na fedha huleta kuku au mtama, nao hupokelewa. Tangu ndama huyu afike hakuna aliyepewa dawa mbovu. Ukipenda kuja kumwona, karibu, njia ni ya Kahama. Maziwa tunakunywa, asante sana."

Ya kwako sikuitaja. Baba anasema mfugaji hutoa habari za kilichomo zizini mwake, na kilichoibwa ni kesi nyingine. Sikumwambia aliyeiba ni nani. Usinishukuru, nilifanya kwa kuona haya.

Zipora


Geita
14 Aprili 1999

Zipora,

Barua yako nimeisoma nimesimama, na mpaka sasa sijakaa.

Umemwandikia nani? Ulikuwa umekaa salama nyumbani kwako, mlango umefungwa, hakuna anayekujua, ukatoka nje ukaita. Wenye kampuni hawana shamba, hawana zizi, hawana mvua za wastani. Wana mawakili. Unamkaribisha mtu kwa njia ya Kahama na hujui kama atakuja na fimbo.

Na hao kuku. Nani alikutuma uwataje kuku? Toka lini mtu akamwambia mgeni kila kinacholetwa nyumbani kwake?

Baba yako namheshimu, shikamoo yake hapohapo. Lakini anajua ng'ombe. Kompyuta hajui. Ulipaswa kumwambia hivyo kwa adabu ukaenda kulala. Badala yake umemfanya mzee wa watu awe hakimu wa jambo ambalo hajawahi kuliona kwa macho. Kama lolote litaipata zahanati ile, usiniandikie mimi kulia.

Kausar


Ibadakuli
12 Juni 1999

Kausar,

Nakuandikia, na silii.

Wamejibu. Wameniita Bwana Maige. Barua ni fupi, nakutafsiria yote isipokuwa salamu, kwa sababu salamu hamna. Wanashukuru kwa taarifa. Kuhusu ng'ombe, wanasema kampuni yao haishughuliki na mifugo na sehemu hiyo hawakuielewa. Halafu wanasema toleo la jumuiya ni la mtu anayejifunza, au kikundi kisichopokea malipo ya aina yoyote. Zahanati inapokea malipo, kwa fedha au kwa vitu, kwa hiyo ni biashara. Tununue toleo la kitaalamu, au tuache kutumia na kufuta kila nakala iliyotokana na lile la bure, kisha niwathibitishie kwa maandishi.

Kwa vitu, Kausar. Kuku wa bibi kizee anayekuja kwa miguu na mjukuu mwenye degedege ndiye aliyetufanya wafanyabiashara. Bei ya toleo la kitaalamu nilimtajia Sista Vumilia, mkuu wa zahanati. Alicheka mpaka akavua miwani.

Nimekasirika. Jumuiya, wanasema. Jumuiya ninayoijua mimi, ukifiwa wanakuja na unga na kuni, wanalala chini na wewe, na hakuna anayeuliza kama juzi ulipokea kuku. Hii yao ni jumuiya gani? Walitaka nini walipotupa bure? Sasa nafikiri walitaka tuzoee mkono wao, tukishazoea tununue, na asiyeweza kununua wamfukuze. Hilo si kosa kwao, wameliandika na mimi nilisoma. Nilisoma mpaka mwisho na sikuona kuku.

Baba nilimsomea neno kwa neno. Akasema kwa desturi, mfugaji mwema huachiwa ndama mmoja wa jasho lake, na mwenye ng'ombe asiyejua hilo hakulelewa. Alisema maneno mengine ya Kisukuma ambayo siwezi kukuandikia. Nikadhani ataniambia niwapuuze. Kumbe hapana. Akasema, "Lakini mwenyewe akidai, unafungua zizi. Hata kama watoto wanalia. Neno lilitoka kwako."

Kwa hiyo nilikwenda. Jumatano, baada ya wagonjwa wa asubuhi. Sista aliniuliza kama nina hakika, akauliza tena, mara ya mwisho akaushika mkono wangu. Nikamwambia, "Sista, nilikubali masharti." Akauachia. Nikafuta programu, nikafuta na nakala iliyokuwa kwenye disketi ya akiba. Nilipofika nyumbani, sidii nikaipasua kwa jembe. Sina kitu tena, hata daftari la mistari ya mwanzo nimelichoma. Wenye kampuni nimewaandikia kwamba imekwisha.

Masista wamerudi kusoma makasha kwa macho. Taa ya stoo ni hafifu na Sista Vumilia haoni vizuri.

Wewe na binamu yenu mnaendelea, sivyo? Ndama aliyetajwa kwa haki amechinjwa, walioibwa wananenepa. Furahi.

Zipora


Geita
25 Juni 1999

Zipora,

Nifurahi? Nilisoma barua yako dukani nikaitupa chini mbele ya wateja.

Umefuta. Kwa mkono wako. Nyamizi amejua? Ulimtazama usoni ukamwambia kwamba kile kitu kilichotoka kwenye kifo cha mwanaye umekifuta kwa sababu mtu asiyejua kama wewe ni mwanamke au mwanaume amekuandikia karatasi? Kama hujamwambia, basi unajua mwenyewe ulichofanya.

Nisikilize, na mwambie na baba yako. Ng'ombe ukimrudisha, mwenyewe anamkamua. Ana ng'ombe, wewe huna, mambo yameisha. Huyu uliyemrudishia amepata nini? Asubuhi ile ulipofuta, kule kwake kitu gani kiliongezeka? Hakuna kikombe kimoja cha maziwa kilichofika kwake. Hukurudisha kitu, Zipora. Umeua tu, ukaita kuua kurudisha. Hapo desturi ya baba yako haifiki, na wewe uliyesoma ndiye ulipaswa kuona.

Unaniita mwizi, na ni kweli niliiba. Lakini toka niibe, hapa Geita hakuna mtoto aliyekunywa dawa mbovu kutoka kwetu. Wewe mwaminifu, zahanati yako watoto watakunywa nini mwezi ujao? Ningekuwa karibu ningekuzaba kibao.

Nijibu.

Kausar


Geita
22 Julai 1999

Zipora,

Hukujibu. Vizuri, na mimi sikungojea.

Nilimwambia baba mkwe nataka kwenda Ushirombo. Akauliza kuna nini Ushirombo. Nilikuwa nimepanga uongo mzuri wa shangazi mgonjwa, lakini alinitazama kwa upole, nikashindwa. Nikamwambia programu si yangu, ni ya msichana aliyekuwa akifanya kazi dukani kwa baba, na kwamba nilifuta jina lake. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Hozefa alitoka nje akaenda kusimama na wanunuzi wa dhahabu, akarudi chakula kimeshapoa.

Kesho yake nikapanda basi la Katoro mpaka Runzewe, kutoka hapo lori la mtama. Disketi nilikuwa nimeiweka ndani ya kasha la bangili, nimelifunga kwenye shali. Nilifika nimejaa vumbi mpaka kwenye meno. Sista Vumilia hakunijua, akadhani nimekuja kutibiwa.

Walikuwa wametoa makasha yote nje juani, wameyapanga juu ya mikeka, Sista ameshika kioo cha kukuzia maandishi na mhudumu wake anamsomea kwa sauti. Mbuzi mmoja alikuwa anatafuna katoni. Waliniambia huwa wanafanya hivyo mara moja kwa juma, na siku nzima inakwisha. Niliona dawa ya maji ya watoto iliyokwisha muda ikiwa upande wa nzima. Nikaionyesha. Mhudumu akasema mwanga ulimpiga machoni.

Nimeiweka. Najua kuweka, usishangae, hilo nililijifunza kwa kukutazama. Nimemwambia Sista asiiamini Februari.

Jina nililoliacha ni langu. Umelisoma sawasawa. Ningeweza kuandika lako, Sista alinionyesha hata pa kuandika. Nimekataa. Wewe uliwaandikia wenye kampuni kwamba imekwisha, na kwako kweli imekwisha. Hii iliyopo ni ya mwizi. Wakija na mawakili wao kwa njia ya Kahama, wamtafute Kausar, mke wa Hozefa, Geita mjini, duka la dawa, mlango wa kijani. Wewe hukuvunja neno lolote.

Hapa kompyuta ya dukani imefunikwa tena kitambaa. Maua yamerudi juu yake. Baba mkwe anasema si adhabu, anasema tupumzike kwanza. Mimi nimerudi kwenye unga. Sikuandikii hayo unihurumie.

Usiifute. Ukiifuta safari hii, kati yangu na wewe basi.

Kausar


Ibadakuli
15 Agosti 1999

Kausar,

Barua yako ilinikuta natafuta nauli ya kwenda Ushirombo kwa shughuli nyingine. Nilipoimaliza shughuli ikawa moja tu, kwenda kukifuta ulichokiweka.

Sikutaka unifanyie ujanja. Unadhani ukiweka jina lako ndipo neno langu linabaki safi? Najua ipo. Najua ni yangu. Mistari ile naijua hata nikiwa usingizini. Umenichukulia kazi yangu mara ya kwanza kwa ajili ya kiti, sasa umeichukua mara ya pili kwa ajili ya wema, na mara zote mbili hukuniuliza. Nilikuwa nayasema haya kwa sauti ndani ya basi, abiria aliyekaa pembeni yangu akahama.

Nilifika zahanati nikapita moja kwa moja hadi stoo, hata Sista sikumsalimia. Kompyuta ilikuwa inawaka. Jina lako pale chini, jekundu, umelikuza kuliko nilivyokuwa nimeliandika langu. Juu yake kulikuwa na mstari wa dawa ya degedege umegeuka manjano. Mhudumu akaingia, akasoma, akatoa kasha lile kwenye rafu akalipeleka mbele litumike kwanza. Akatoka. Hakujua kama ametenda jambo.

Nikakaa. Nilikuwa nimeweka vidole mahali pake, nimebakiza kubonyeza. Nyamizi alikuwa nje kwenye foleni. Hukujua kwamba ana mtoto mwingine, wa miezi minne, anaitwa Donatus. Alikuwa amempakata amemfunika kanga kwa sababu ya upepo, mtoto ana homa. Alinipungia mkono akadhani nimekuja kufanya kazi.

Sikubonyeza. Nilizunguka nje nikampokea Nyamizi mtoto ili akae vizuri. Dawa aliyopewa niliisoma mwenyewe tarehe yake kabla hajamnywesha. Ilikuwa nzima.

Halafu nikaenda nyumbani. Baba alikuwa anakamua. Shikamoo, marahaba, mhola, nikamshikia ndama. Tulipomaliza akaniuliza kama ile mali ya watu imeondoka kabisa zahanati, maana amesikia mgeni wa Kihindi alikuja na kifurushi. Nikamwambia imeondoka, baba. Akasema, "Vizuri, ng'wana wane. Sasa hatudaiwi na mtu." Akaniwekea maziwa mwenyewe, kikombe kimejaa, nikayanywa yote mbele yake.

Uliniandikia kwamba sikuvunja neno. Tangu nizaliwe sijawahi kumdanganya yule mzee, hata nilipokuwa mdogo nikivunja chungu. Nimemdanganya, Kausar, na akiniuliza kesho nitamdanganya tena. Hilo ndilo nisilokusamehe.

Zipora